Re: Medicaid italipia kipimo cha bayomaka?

> Wadau, mgonjwa ana saratani ya mapafu hatua ya 4, hapa Marekani. Daktari haandiki dawa mpaka majibu ya bayomaka (alama za jeni kwenye uvimbe) yarudi. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, italipia, au tujiandae na bili?

Inategemea jimbo, ndugu. California, kwa mfano, ina sheria inayoibana Medi-Cal (Medicaid ya huko) pamoja na bima binafsi zilipie kipimo hiki, tangu Julai 2024. (Wenye bima ya mwajiri anayelipia matibabu kwa fedha zake mwenyewe, sheria za majimbo haziwahusu.) Lakini hata penye sheria, ombi hukwama kwenye makaratasi.

Kabla sampuli haijatumwa, iombeni kliniki jina kamili la kipimo, jina la maabara na namba ya CPT (namba ambayo bima hutumia kutambua kipimo). Paneli ya uvimbe (kipimo kimoja kinachosoma jeni nyingi) yenye jeni 5 hadi 50 ni 81445. Kuanzia jeni 51 ni 81455. Kisha pigeni simu iliyo nyuma ya kadi ya bima, mwulize kama namba hiyo inahitaji kibali cha awali, na kama maabara hiyo inapokea Medicaid ya jimbo lenu. Hapo pa maabara ndipo penye mtego, kwani mara nyingi iko jimbo jingine. Andikeni jina la aliyewajibu na namba ya kumbukumbu.

Barua ya daktari isiseme "saratani ya mapafu" basi. Itaje hatua, aina ya seli, tiba zilizokwisha kutumika, na dawa ipi inategemea jibu la jeni ipi: EGFR, ALK, ROS1.

—

Naongezea kuhusu kinyama chenyewe cha uvimbe kinachopimwa, maana hata bima ikikubali, sampuli nayo inaweza kugoma. Kinyama kilichotolewa kwa sindano huwa kidogo na huisha kwenye vipimo vya kwanza. Ulizeni maabara ya patholojia kama bloku (kinyama kilichohifadhiwa) bado ina kitu. Kilichotoka kwenye mfupa na kulainishwa kwa asidi kali, DNA yake huharibika. Njia nyingine ni damu, ila damu isipoonyesha kitu haina maana kwamba mabadiliko ya jeni hayapo.

Kwa wazee wa Medicare (bima ya serikali ya wazee): paneli za kusoma jeni nyingi kwa pamoja zina mwongozo wa kitaifa wa malipo tangu 2018, kwa saratani ya hatua ya 3 au 4 au iliyorudi. Kipimo kilekile kikirudiwa bure bure kitakataliwa. Mkiletewa fomu ya ABN (taarifa kwamba huenda Medicare isilipe) msisaini haraka. Chaguo la 1 kwenye fomu hiyo ndilo linaloacha mlango wa rufaa wazi.

—

Wakikataa, Medicaid inayosimamiwa na kampuni ya bima inawapa siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa. Daktari akiandika kwamba kuchelewa kunahatarisha maisha, ombeni rufaa ya haraka: jibu ndani ya saa 72. Mwombeni pia azungumze moja kwa moja na daktari wa bima. Na mkalimani wa Kiswahili ni bure, msimtumie mtoto.