Taa kuwaka si ushahidi wa kazi: kontrakta wa stima amekataa kupima nyumba ya mama, na salio analidai

Wadau, nina hasira na sitaificha. Kuna kontrakta hapa Kakamega aliyeng'oa waya zote za zamani katika nyumba ya mama yangu, akaweka mpya, akawasha taa za vyumba vyote na kutangaza kazi imekwisha. Nilipomwomba matokeo ya vipimo alinijibu, "Si unaona zinawaka?" Jina lake sitalitaja. Nikimtaja mmoja mtadhani ni yeye tu, ilhali jibu hilo nimelisikia Kisumu, nimelisikia Mumias, na wengi wenu mmelisikia pia.

Taa ikiwaka inakuambia kwamba laivu (waya unaoleta stima) na nyutro (unaoirudisha) zimefika kwenye holda. Basi. Waya wa ardhi, ule wa kupeleka chini stima inayovuja, hauguswi na kazi ya kila siku. Unaweza kuwa umekatika leo, na friji, redio na pasi vikaendelea kufanya kazi miaka mingi, mpaka siku laivu inapogusa bodi ya friji na mtu anaishika akiwa peku kwenye simiti yenye maji. Ndiyo maana kazi hii hupimwa kwa vyombo.

Nilizuia salio. Shemeji yangu akatuletea fundi mwingine kutoka Kisumu, mwenye mega (chombo cha kupima kama ganda la waya linavujisha stima) na mita ya kupima lupu (njia ya stima kurudi kupitia ardhi), na huyo hakuanza hata na taa. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la breka, akabonyeza kile kitufe cha T, cha kujaribu, kwenye RCD, yaani kifaa kinachokata stima inapovuja. RCD ikaanguka, tukasikia mlio wake. Taa zikabaki zinawaka. Nyumba nzima ilikuwa bado na stima huku kifaa cha kuikata kikiwa kimelala chini!

Kontrakta na watu wake waliiruka RCD. Walichukua laivu na nyutro za sakiti zote upande wa juu wa RCD, kabla haijaanza kulinda chochote, wakakiacha kifaa pale ndani ili kionekane. Na sababu tuliipata baadaye, fundi wa Kisumu alipozima stima na kupima kwa mega. Sakiti ya soketi za vyumba vya kulala ilisoma karibu sifuri kati ya nyutro na ardhi. Kipimo hicho hufanywa kwa volti 500, na kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1. Tukafungua soketi moja baada ya nyingine hadi tukafika ile iliyo nyuma ya kitanda cha mama: skrubu ilikuwa imetoboa ganda la nyutro na kuligusisha na waya wa ardhi.

Kosa la skrubu naweza kulisamehe, hutokea kwa fundi yeyote mwenye haraka. Ninachokataa ni hiki: RCD iliwaambia. Kila walipowasha vifaa ilianguka, na badala ya kutafuta inaanguka kwa nini, waliinyamazisha. RCD ya milliampea 30 ipo kwa ajili ya mwili wa binadamu. Stima ikivuja kwa kiasi hicho kupitia mtu, inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300. Breka ya ampea 32 haiwezi kumwona mtu anayeuawa na stima, kwa sababu mkondo unaoua ni mdogo mno kwake. Breka hulinda waya. RCD ndiyo inayomlinda mama yangu, nao waliiondoa kazini na kumwambia alale salama.

Sasa shawa ya stima. Ya mama ni ya wati 5500. Gawanya kwa volti 240 upate karibu ampea 23. Walimwekea waya wa milimita 2.5 za mraba uliofukiwa ukutani, ambao hubeba kati ya ampea 20 na 24 kutegemea umelazwa vipi, halafu wakaufunga kwenye breka ya ampea 40. Maana yake waya uko ukingoni mwa uwezo wake kila asubuhi, na ukizidiwa, breka haitajua lolote mpaka ganda liwe limeshaiva ndani ya plasta. Shawa ile ilihitaji waya wa 6 na breka ya 32. Na waya wa ardhi? Ulikuwepo, umekunjwa na kufungwa tepu juu ya dari, haujafika kwenye shawa. Shawa hizi tunazotumia huku nyingi zina koili iliyo uchi ndani ya maji yenyewe. Maji yanayomwangukia mtu kichwani yamegusana na koili! Shawa ya aina hiyo bila ardhi, kwenye nyumba ambayo RCD imerukwa, sijui niiite nini mbele ya watu wazima.

Soketi mbili za jikoni hazikuwa na ardhi pia, na moja ya sebuleni ilikuwa imegeuzwa, swichi inakata nyutro. Ukizima, kifaa kinaonekana kimezimika kumbe laivu bado imekaa ndani.

Na cheti walileta! Kina muhuri na sahihi ya mtu ambaye mama hajawahi kumwona akivuka kizingiti chake. Pale panapotakiwa kusoma kwa megaomu wameandika "sawa". Mahali pa namba unaandikaje "sawa"? Kipimo kilichofanyika huacha namba, tena namba tofauti kwa kila sakiti. Ukiona sakiti zote zimeandikwa kitu kimoja, ujue aliyeandika alikuwa amekaa kwenye meza.

Nimewaza sana kwa nini imekuwa hivi, na naona pesa inaeleza mengi. Sisi huku tunalipana kwa pointi. Swichi ni pointi, soketi ni pointi, holda ni pointi. Kupima hakuna pointi, kwa hiyo hakuna anayelipwa kupima, na mega inabaki dukani. Vijana wanatembea na bisibisi ya testa mfukoni wakidhani ni chombo cha ukaguzi. Testa inakuonyesha laivu ipo. Kuhusu ardhi haisemi kitu, na kuhusu RCD ni bubu kabisa.

Kwa hiyo mnaotaka kuwawekea wazazi waya mpya, andikeni kupima kama kazi yenye bei yake tangu siku ya makubaliano, na salio litoke baada ya karatasi yenye namba. Pigeni picha za waya kabla plasta haijafunika. Someni unene uliochapishwa kwenye ganda, kisha mwangalie namba ya breka yake. Kitufe cha T mnaweza kukibonyeza wenyewe, hakihitaji fundi: sakiti inazolinda RCD zisipozimika, msimlipe mtu. Na namba ya leseni ya fundi itafuteni EPRA, mamlaka ya nishati inayowapa mafundi wa stima leseni, kabla hajapanda darini, kisha muulize kama mwenye leseni ndiye atakayekuja au ni jina tu linalokodishwa.

Kontrakta bado anapiga simu. Jana alimpigia mama, si mimi, akamwambia mtoto wake anamnyima mfanyakazi haki. Nimemjibu kwa maandishi: rudisha sakiti zote chini ya RCD, badilisha waya na breka ya shawa, funga ardhi zote, umlete aliyetia sahihi apime mbele yetu, ndipo tuzungumze salio.

Ninachoomba humu ni msaada wa aliyewahi kupeleka malalamiko EPRA kuhusu cheti kilichosainiwa bila ukaguzi. Uliambatisha nini? Picha zilitosha, au walitaka ripoti ya fundi mwingine mwenye leseni? Na fundi wa pili akiandika ripoti dhidi ya mwenzake, wenye uzoefu semeni, huwa anakubali kuweka namba yake ya leseni chini yake?