Leseni ya mgahawa, ya baa au klabu ya wanachama: ipi inamfaa mchoma samaki wa Mtwapa?

Mchoma Changu aliandika:

Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tuna mgahawa wa samaki hapa Mtwapa, ukishavuka daraja upande wa Kilifi. Meza kumi na moja. Mchana panajaa mpaka watu wanakula wamesimama, lakini ikishaingia magharibi tunabaki kutazamana na paka. Mtu anaagiza changu wa kuchoma, anauliza bia, akiambiwa hakuna anafungiwa samaki wake kwenye karatasi na kwenda kumlia kwa jirani. Tumeona tuombe leseni ya vileo.

Shida ni washauri. Mwenye nyumba anasema nichukue leseni ya baa, ndiyo inayojulikana na haina maswali mengi. Shemeji yangu anasema ya mgahawa inatosha. Rafiki mmoja ananiambia tuandikishe klabu ya wanachama, eti hapo hakuna wa kukuuliza saa. Na juzi kaja mtu anauza baa yake nyumba ya tatu kutoka kwetu, friji, viti, "na leseni yake ndani". Waliopitia, nisaidieni. Pesa ya kukosea sina.

Mzee wa Kaunta alijibu:

Nimesimama nyuma ya kaunta miaka kumi na tisa, Bamburi na Likoni, kwa hiyo nianze na saa, maana wengi hutazama ada kwanza na saa huja kuwauma baadaye.

Ile sheria ya vileo ya Kenya tunayoiita sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni, ilianza kufanya kazi Novemba 2010. Baa ya kawaida iliwekewa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Wikendi na sikukuu ni saa 8 mchana hadi saa 5 usiku. Piga hesabu: siku za kazi saa sita mara tano, thelathini; wikendi saa tisa mara mbili, kumi na nane. Wiki nzima umeuza kwa saa 48, na kodi ya nyumba unalipa ya mwezi mzima.

Sasa jiulize, wateja wako wa mchana watanufaika nini na leseni ya baa? Hakuna. Tena baa ni marufuku kwa walio chini ya miaka 18 kuingia, sembuse kununua. Familia inayokuja Jumapili na watoto wanne kula wali wa nazi, utaiambia watoto wabaki kwenye gari?

La pili, Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi ya leseni za vileo. Nairobi ilitunga sheria yake 2014, na kaunti nyingine zina zao. Kwa hiyo usimwulize rafiki yako wa Nyali alilipa ngapi. Yeye yuko Mombasa, wewe Kilifi, na lile daraja mnalovuka ndiyo mpaka. Ada hupangwa kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti, na aghalabu huguswa kila mwaka. Nenda ofisi ya kaunti ndogo, omba jedwali la mwaka huu, na uliza pia saa walizoweka wao kwa kila aina ya leseni.

Mama Kaango alijibu:

Mzee wa Kaunta kasema kweli kuhusu watoto. Mimi nina leseni ya mgahawa, mwaka wa sita sasa, na naipenda, lakini ina mwiba wake.

Hiyo leseni inakuruhusu kuuza kinywaji kwa mtu anayekula. Jiko ndilo linaloibeba. Wengi wanaichukua wakidhani ni baa ya bei nafuu, halafu baada ya miezi mitatu mpishi ameondoka, menyu imebaki ukutani kama picha ya harusi, na watu wanakunywa na njugu.

Nilishuhudia ukaguzi kwa jirani yangu. Saa 3 usiku, wamejaa watu kama arobaini, muziki juu. Afisa hakuuliza karatasi kwanza. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akaweka kiganja juu ya jiko. Baridi. Akafungua friji ya jikoni: pakiti moja ya maziwa na ndimu mbili zilizokauka. Akamwuliza yule bwana, "Hawa wote wamekula nini?" Bwana akaanza kucheka cheko la aibu. Walimfungia usiku ule ule.

Mchoma Changu, wewe jiko lako linawaka tangu asubuhi. Hiyo ndiyo nguvu yako.

Lakini nikuulize jambo ambalo sheria haitakuuliza. Wateja wako wa mchana ni akina nani? Kama ni kama wangu, nusu ni Waislamu, na Ijumaa baada ya swala wanakuja na wazee wao. Mimi nilipoweka bia, mwezi wa kwanza nilipoteza meza tano za kudumu. Hawakugomba, hawakusema neno, waliacha tu kuja. Nikatenganisha: mbele chakula na juisi, nyuma uani ndiko kwa vinywaji, mlango wake. Wawili wakarudi. Watatu mpaka leo tukionana sokoni wananisalimia kwa heshima zote na hawaingii.

Bahari Shwari alijibu:

Mnamtisha bure. Chukua baa, ongea vizuri na watu, chai kidogo, maisha yaendelee. Kila mtu Mtwapa anafunga saa 5? Tusidanganyane.

Mzee wa Kaunta alijibu:

Bahari Shwari, hiyo chai ukishaipika mara moja, birika halishuki jikoni tena. Wa zamu hii akinywa, wa zamu ijayo naye ana kiu. Nimewahi kuweka hesabu ya miezi mitano kwenye daftari la deni: ilizidi ada ya leseni ya mwaka. Na siku ya msako mkubwa kutoka juu, uliyempa chai ndiye wa kwanza kukuonyesha kidole.

Karani Mstaafu alijibu:

Mimi nilikaa upande wa pili wa meza, nikipokea maombi, kwa hiyo niongeze kuhusu hiyo klabu ya wanachama, maana ndiyo inayodanganya wengi.

Klabu ya wanachama ni ile ya gofu, ya michezo, ya chama fulani chenye katiba, daftari la wanachama, kamati, mkutano wa mwaka. Kinywaji kinauzwa kwa mwanachama na mgeni wake. Mtu aliyeshuka matatu tu akaingia si mwanachama, hata ukimwandikia kadi pale mlangoni kwa shilingi hamsini. Tuliletewa daftari moja lina wanachama mia mbili na kumi, wote mwandiko mmoja, wino mmoja, na majina matatu yamejirudia. Kamati ilicheka, mwombaji akacheka, ombi likakataliwa.

Kuna klabu nyingine, ya usiku, ya disko. Hiyo ni leseni yake mbali, na ndiyo inayopita saa za baa. Lakini huko ndiko utakutana na kelele. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka desibeli 35 usiku sehemu za makazi, na usiku kwao unaanza saa 2. Desibeli 35 ni ndogo mno, karibu na mnong'ono. Spika moja uani tayari umevuka. Bila ukuta na dari za kuzuia sauti, usiote disko mtaani. Mnakumbuka Novemba 2022 gavana wa Nairobi alipotangaza kuondoa klabu za usiku kwenye makazi ya watu.

Nasema hivi: ukiomba mgahawa, maombi yako yanabandikwa hadharani na majirani wana nafasi ya kupinga. Anza na majirani kabla ya ofisi. Kikundi cha akina mama watano wenye pingamizi moja lililoandikwa vizuri kina uzito kuliko unavyodhani.

Nyota ya Kisauni alijibu:

Kuhusu kununua baa "na leseni ndani": nilifanya hivyo. Nililipa, nikakabidhiwa funguo na fremu ya kioo ukutani. Sikusoma jina. Wiki ya pili wakaja wakaguzi, wakasoma jina kwenye fremu, wakaniomba kitambulisho. Majina hayafanani. Leseni haiuzwi kama friji. Uhamisho unaombwa, unajadiliwa, na mpaka ukubaliwe wewe unauza pombe bila leseni. Nilimpigia aliyeniuzia, simu ikawa haipatikani. Kreti kumi na nane zilibebwa mbele ya macho yangu, na mmoja wa waliozibeba aliniomba nimsaidie kushika upande wa pili.

Halafu kwenye stoo aliniachia chupa za pombe kali hazina stempu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Sikujua kuangalia. Siku hizi kuna programu ya simu ya Soma Label, unapiga picha ile stempu inakwambia ni halali au la. Ukinunua baa ya mtu, kagua chupa moja moja, au mwambie aondoke na chupa zake.

Mtanga alijibu:

Nawasoma kutoka Tanga. Huku bara Tanzania tuna Sheria ya Vileo ya 1968, na nilipokuwa na grosari yangu leseni ya vileo ilikuwa ya miezi sita, ikiisha Machi na Septemba. Ukizubaa tarehe tu, umeuza bila leseni. Ninyi wa mwaka mzima shukuruni.

Mama Kaango alijibu:

Mtanga, grosari? Ulikuwa unauza sukumawiki na bia?

Mtanga alijibu:

Dada, huku grosari ni kibaa kidogo cha viti vichache. Mboga tunanunua gengeni. Mkenya akiniambia anatuma mtoto grosari nashtuka.

Mchoma Changu aliandika:

Nawashukuru sana. Mke wangu amesoma yote na amesema "nilikwambia" mara tatu. Klabu tumeiacha. Baa ya jirani nimeiacha pia. Nilimwomba anionyeshe jina kwenye leseni, akasema fremu iko kwa fundi wa vioo.

Tunaelekea leseni ya mgahawa, na vinywaji uani kama alivyofanya Mama Kaango. Vyeti vya afya vya wahudumu tunavyo, cha zimamoto tunakifuatilia. Kitu kimoja kinanitia wasiwasi. Nyuma yetu kuna chekechea. Nimepima kwa hatua kutoka mlango wetu wa mbele kuzunguka barabarani, nimepata hatua mia nne na kitu. Naona tuko salama, au sivyo?

Karani Mstaafu alijibu:

Sheria inasema mita 300 kutoka chekechea, shule ya msingi, sekondari au mahali popote wanaposomea walio chini ya miaka 18. Hatua si mita. Mtu wa kimo cha kawaida hatua yake haifiki mita moja, kwa hiyo hizo mia nne zako huenda ni mia tatu na ushei tu, na hapo umezunguka barabarani. Mtu wa kamati akisimama uani kwako atasikia watoto wanaimba, na hatakuwa na hamu ya kuzunguka na wewe.

Na kuna madrasa hapo karibu? Usiihesabu kuwa si shule. Wanaosoma pale ni watoto, na ustadhi akiandika barua itasomwa.

Chukua mkanda wa mafundi ujenzi, upime na mtu wa ofisi akiwepo, kabla hujalipa hata senti ya maombi.

Mchoma Changu aliandika:

Madrasa ipo. Ghorofani, juu ya duka la saruji. Sikuwa nimeifikiria kabisa.

Mama Kaango alijibu:

Basi nenda ukamwone ustadhi kwanza, mchana, na usiende mikono mitupu. Mpelekee changu.