Kamera za akili mnemba gerezani: uchelewaji wa askari zinauona, kipigo chake hazikioni

Ndugu wanajamvi,

Mume wangu ni askari katika gereza moja la huku Mwanza, ambalo sitalitaja kwa sababu bado anavaa sare na sisi bado tunakaa kota. Tulipoambiwa kwamba zimefungwa kamera zenye akili mnemba kwa ajili ya usalama wa askari tulishukuru, kwa maana programu yake ingechambua picha papo hapo, itambue ugomvi unapoanza au mtu aliyeanguka asiinuke, kisha ipige king'ora kwenye chumba cha ulinzi.

Wadudu wa ziwani wanapovamia usiku hufuata taa za ukutani, buibui nao huwafuata na kufuma utando mbele ya kioo cha kamera. Upepo ukitikisa utando, mashine hudhani kuna mtu anatembea. King'ora kililia usiku kucha, mwishowe ikaagizwa sauti izimwe. Hakuna aliyepangiwa hata kazi ya kupangusa vioo!

Mchana nako uwanja umefurika wafungwa na mahabusu, mmoja anamziba mwenzake, na wakicheza mpira mashine inaona vurugu. Mtu angetarajia mfumo ujaribiwe kwanza hapa hapa, kwa watu wa hapa, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2018 watafiti wa akili mnemba Joy Buolamwini na Timnit Gebru walikwisha kuonyesha kwamba programu za kubaini jinsia kwa kutazama sura zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8.

Jioni moja, wakati wa kufungia, mume wangu alishambuliwa nyuma ya jiko kwa kijiko kilichonolewa. Kamera ilimrekodi tangu mwanzo hadi mwisho. Askari pekee wa chumba cha ulinzi alikuwa ameitwa kusaidia langoni kwa uhaba wa watu, na aliyemwokoa afande wangu ni nyapara aliyepiga mayowe.

Alipotoka mapumziko ya ugonjwa alikuta barua ya kujieleza, imebandikwa picha yake akiingia getini amechelewa. Kwa kazi hiyo mfumo haukosei! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zilizokusanywa kwa kusudi moja zisigeuziwe kusudi jingine. Sasa picha za usalama zimegeukaje daftari la mahudhurio?

Sipingi kamera. Ninachodai ni mtu asiyeondoka mbele ya skrini, redio na kitufe cha dharura kiunoni mwa kila askari anayeingia ndani, na orodha ya wazi ya wanaoruhusiwa kutazama picha hizo. Wanasheria mlioko humu, nielekezeni: malalamiko ya namna hii yanawasilishwaje bila mume wangu kupoteza kazi?