Nimeuziwa CNC ya gantri ya tani 31 kwa video ya sekunde 50. Sasa tunaanikia ovaroli

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta kwa sababu ya matusi. Leo nimejitahidi, yakinitoka mnisamehe.

Nina karakana Vingunguti, Dar. Kazi zetu ni vyuma vizito: nyumba za giaboksi za viwandani, fremu za mashine za kusagia mawe, sahani za kukalishia pampu. Miaka yote tunatumia milingi za kawaida, mashine za kuchonga chuma unazoziendesha kwa mkono. Kipande cha mita tatu unakipindua mara nne, na kila ukikipindua vipimo vinahama. Kazi kubwa kubwa nilikuwa naziona zinapita mlangoni kwangu zinaenda Nairobi. Ndiyo nikaingiwa na tamaa ya gantri, ile CNC (mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta) ya nguzo mbili na boriti juu kama lango. Mzigo unalala mezani, kichwa kinakwenda juu yake, unafunga mara moja unamaliza. Mpya sina ubavu nayo, nikaenda kwenye mtumba.

Muuzaji ana ofisi nzuri tu hapa mjini. Kiyoyozi, kalenda ya meli ukutani, maji baridi unaletewa kabla hujakaa. Mashine iko Osaka, akasema. Kontrola, yaani kompyuta yake, ya Fanuc, meza mita nne kwa mbili. "Usahihi wake milimita 0.01, kaka yangu, ilikuwa inachonga moldi za magari, haijateswa hii." Akanirushia video WhatsApp. Kichwa kinatembea kulia, kinatembea kushoto, kinashuka, spindo (ile ekseli inayoshika kisu) inazunguka, mtu mmoja kavaa glavu nyeupe anatikisa kichwa kuashiria mambo safi. Basi. Sekunde 50.

Fundi wangu mkuu ni mzee wa sitini na ushee, wote tunamwita Mjomba. Alipoiona akanirudishia simu hapo hapo. "Kijana wangu, mashine kutembea hewani si kazi. Mwambie aikatishe chuma, tuone na geji." Nikamwambia muuzaji. Akajibu kiwanda kule kimefungwa, umeme unakatwa wiki hiyo, na kuna Mkenya anaitaka, nikizubaa imeondoka. Mjomba akaomba basi atumwe yeye akaikague. Nikapiga hesabu ya tiketi, viza, hoteli, nikaona nyingi. NIKAONA NYINGI, wakuu. Leo nimeshatumia mara sita ya hiyo hela kwenye kreni peke yake.

Bei alinitajia kwa dola. Hapo tu nilitakiwa nishtuke, maana kanuni za 2025 zinakataza kupangiana bei kwa fedha za kigeni humu ndani. Asilimia 70 mbele, iliyobaki nyaraka zikifika. Risiti ya EFD? Msiniulize. Nina profoma, ankara ya awali tu, yenye mhuri na sahihi inayofanana na mwandiko wa daktari.

Mzigo ulivyofika bandarini ndipo movie ilipoanza. Alisema tani 18. Nyaraka za meli zinasema tani 31, na kitako cha mashine peke yake 14. Kreni niliyokuwa nimeikodi ikanyanyua kidogo, ikaanza kulia, opereta akaushusha na kuniangalia kama mtu aliyemtukania mama. Nikatafuta kubwa zaidi, lobedi (trela la kubebea mizigo mizito) ikalala siku tatu nalipa, bandarini gharama za kuhifadhi mzigo zinatembea. Kumpigia, anasema, "Bosi, tani 18 ni bila vifungashio." Vifungashio vya tani 13! Walikuwa wamefunga na zege?

Msingi wa kuisimamishia nao. Mashine ya namna hii haikai kwenye sakafu ya kawaida, ukiiweka hivyo hivyo inajipinda taratibu na vipimo vinakufa. Nikachimba shimo, masika yakaingia, likawa bwawa. Kwa wasioijua Vingunguti, maji ya Mto Msimbazi hayapigi hodi. Wiki tatu tunavuta maji. Hilo simlaumu yeye, ila nina hasira nalo pia.

Umeme: aliniambia "unachomeka tu". Viwanda vya Japani vinatumia volti 200 za fezi tatu, sisi TANESCO wanatupa 400. Transfoma, hela. Halafu Osaka wako upande wa Japani unaotumia hezi 60, sisi 50. Mota za pampu za haidroliki na za maji ya kupozea zikaanza kuzunguka polepole, karibu asilimia 17 chini. Hili linarekebishika, lakini mtu anayejiita mtaalamu wa mashine za Japani hajawahi kulisikia?

Tukawasha. Skrini ikajaa alamu kama mti wa Krismasi. Kumbe kumbukumbu yote imefutika. Kontrola hizi zina betri inayotunza parameta, zile namba za mipangilio ya mashine, umeme ukizimwa. Ikifa, mashine inasahau kila kitu, hata urefu wa mikono yake. Mjomba akaniambia hebu leta ile video. Tukaisimamisha pale kamera inapopita kwenye skrini, tukaikuza. Chini pale, herufi tatu zinawaka na kuzimika: BAT. BAT. BAT. Mashine inapiga kelele kwamba betri inakufa, yule wa glavu anatikisa kichwa, na mimi nilishaiangalia mara ishirini sikuona. Betri yenyewe unaibadilisha kwa dakika mbili mashine ikiwa imewashwa. Hawakuibadilisha. Wakaizima, wakaipakia, ikapigwa na jua baharini na bandarini miezi.

Bahati, ndani ya mlango wa kabati la umeme tulikuta karatasi za parameta za kiwandani, zimegeuka njano, nyingine panya wamekula kona. Usiku mbili mimi na Mjomba, yeye anasoma mimi naingiza. Ukikosea tarakimu moja boriti inaweza kukimbilia upande usiotaka. Saa tisa usiku wa pili Mjomba akavua miwani, akafuta jicho, akasema "endelea, 1851". Hiyo ni parameta ya kufidia plei, yaani kulegea, kwenye skurubu ndefu inayosukuma kichwa. Karatasi ya kiwandani ilisema ndogo sana, mashine ilikuwa bado binti.

Sasa sikilizeni hili. Asubuhi tukaweka dayo geji (kipimo chenye sindano kama saa) kwenye kichwa kwa mwelekeo wa Y, ule wa kutembea kwenye boriti. Tukaweka kile kigurudumu cha mkono kwenye hatua ya milimita 0.01 kwa kila kliki. Nikazungusha kwenda kulia mpaka sindano ikatembea, tukaweka sifuri. Nikageuza kushoto. Kliki moja. Sindano imekaa. Mbili. Tano. Kumi. Vijana wote wamesimama kimya. Ishirini. Mjomba anahesabu kwa sauti ya chini kama anahesabu maiti. Thelathini. Kwenye 38 ndiyo sindano ikashtuka. Milimita 0.38, wakuu! Mtu kaniambia 0.01! Gololi za ile skurubu zimekwisha, au nati, au vyote.

Najua kuna mtaalamu atakuja hapa aseme "weka 380 kwenye 1851, kazi kwisha". Ndugu yangu, hiyo inafaa kama plei ni ndogo. Hapa kisu kikianza kula chuma kinavuta kichwa ndani ya ule uwazi, kinaruka, kinavunjika. Tulijaribu. Kisu cha laki nne kilikwenda kwa sekunde.

Na bado. Wakati wa kupakia waliitoa boriti kwenye nguzo. Pale katikati huwa kuna shimu, vibati vyembamba vilivyochaguliwa moja moja ili boriti ikae sawa. Mtu mwenye akili anaviandika namba, nguzo ya kushoto hivi, ya kulia hivi. Hawa walivitia vyote kwenye mfuko wa nailoni pamoja na boliti na kipande cha sigara. Tukifunga boriti, kichwa kikitembea kutoka kulia kwenda kushoto juu ya meza, geji inaonyesha tofauti ya milimita 0.7. Mjomba yuko kwenye shimu mwezi wa pili sasa, anapanga kama mtu anayecheza dhumna peke yake. Hiyo ataimaliza, namwamini. Ila skurubu hawezi kuizaa.

Nikaenda ofisini kwake. Maji baridi hayakuletwa. Akafungua mkataba akaniwekea kidole: "imeuzwa kama ilivyo". Nikamwambia kama ilivyo ndiyo kama ulivyoniambia, 0.01 na tani 18. Akasema, "Kaka yangu, mtumba ni mtumba." Wakili wangu anasema Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na meseji zote ninazo. Barua ya madai imeshaandikwa. Yeye amenibloku.

Simtaji jina hapa kwa sababu ya kesi, msinifuate inbox kuniuliza. Nauliza mawili tu. Moja, kuna mtu amewahi kupata nati na skurubu ya gololi ya kipenyo cha milimita 63, urefu kama mita tatu, akailetea hapa bila kuuza nyumba? Mbili, kuna aliyewahi kushinda kesi ya mashine ya mtumba Dar, na ilimchukua muda gani? Wanaokuja kuniambia "ungenunua mpya", pitieni pembeni.

Boriti kwa sasa vijana wanaanikia ovaroli. Na jana usiku mdogo wangu kanitumia kitu alichokikuta kwenye status ya yule bwana. Mashine nyingine, anasema, iko Osaka, haijateswa. Video ni ile ile. Glavu nyeupe zile zile, BAT inawaka na kuzimika vile vile, na bei ameipandisha.