Tupeane uzoefu: Makohozi ya kupimwa, si mate

Maabara_Likoni
Salaam wenzangu. Sampuli nyingi za makohozi ya kupima kifua kikuu (TB) tunazozikataa huwa zimeharibika kabla hazijafika mlangoni kwetu. Tuelezane kazi, kila mtu na upande wake.

Naanza na mgonjwa. Makohozi ya alfajiri ndiyo bora, yamejikusanya kifuani usiku kucha. Asukutue kinywa kwa maji matupu, dawa ya meno baadaye. Atoke nje penye upepo, mbali na watu. Avute pumzi mpaka kifua kijae, aizuie kidogo, aiachie. Afanye hivyo mara mbili, kisha akohoe kwa nguvu kutoka chini. Tunataka mililita 3 hadi 5, mazito. Akileta majimaji yenye povu, hayo ni mate: mpe kikombe kingine, umwelekeze upya bila kumkaripia. Jina liandikwe ubavuni mwa kikombe. Kwenye kifuniko la, maana vifuniko hubadilishana.

MhudumuWaJamii_Mtongwe
Ahsante ndugu. Kwa tunaovusha sampuli kwa feri: kaza kifuniko, kila kikombe kwenye mfuko wake wa sampuli, fomu mfuko mwingine. Kikivuja juu ya fomu, maabara hawaipokei. Kisanduku cha baridi kiwe nyuzi joto 2 hadi 8, vikombe vimesimama wima, na kisikae juani foleni ikiwa ndefu.

Katriji_Changamwe
Upande wa GeneXpert, mashine inayotafuta DNA ya bakteria wa TB. Dawa ya kuchanganya ni sehemu 2 kwa 1 ya makohozi. Tikisa kwa nguvu, acha, tikisa tena katikati. Jumla dakika 15. Ukitazama kwenye mwanga usione nyuzinyuzi wala mabonge, ndipo unyonye mililita 2 taratibu, bila povu, utie kwenye katriji, kile kikasha kinachoingizwa ndani ya mashine. Hapa ndipo watu huharakisha. Makohozi mazito au yenye mabaki ya chakula huziba njia ndani ya katriji, shinikizo linapanda, mashine inatoa kosa namba 2008 na katriji imekwenda. Damu tupu usiiweke kabisa, inazuia kipimo. Omba sampuli nyingine.

Katriji zitunzwe nyuzi joto 2 hadi 28. Joto la Mombasa mwezi wa Februari na Machi linapita hapo, kwa hivyo stoo isiyo na kiyoyozi haifai. Stima ikikatika katikati ya kipimo, unaanza upya na katriji mpya. Betri ya akiba ni lazima.

Muuguzi_Kisauni
Dada/kaka wa Changamwe, mgonjwa aliye kwenye dawa za TB, naye nimtume kwa GeneXpert kuangalia kama anapona?

Katriji_Changamwe
Hapana, dadangu. GeneXpert inasoma DNA, na ya bakteria waliokufa inaonekana vilevile. Ufuatiliaji ni wa hadubini.

Maabara_Likoni
Na hadubini ina masharti yake. Ziehl-Neelsen, njia ya kuwatia rangi bakteria wa TB: paka makohozi kwenye slaidi, upana wa sentimita 1 na urefu wa 2, yakauke, pitisha kwenye moto. Mwaga karboli fuksini, rangi nyekundu, pasha mpaka mvuke utoke, isichemke. Ikichemka rangi hukauka na kuacha chembe nyekundu zinazofanana na bakteria. Osha, ondoa rangi kwa asidi, kisha tia rangi ya methilini buluu. Usiandike hasi kabla ya kutazama maeneo 100 ya slaidi. Hata hivyo hadubini huhitaji bakteria kama 5,000 hadi 10,000 kwa mililita, ndiyo maana hasi haimalizi mashaka.

Muuguzi_Kisauni
Na nimonia ya kawaida?

Maabara_Likoni
Kwa kuotesha bakteria maabara, lete makohozi ndani ya saa 2, la sivyo iwe friji. Kwenye joto bakteria wa kinywani huzaana na kumfunika yule anayeleta ugonjwa. Tukitazama slaidi iliyotiwa rangi ya Gramu kwa lenzi ndogo, katika kila eneo tunataka seli nyeupe zaidi ya 25 na seli bapa za kinywa chini ya 10.

MhudumuWaJamii_Mtongwe
Na mtoto asiyeweza kukohoa?

Katriji_Changamwe
Usimlazimishe. Choo chake kinaweza kupimwa kwa GeneXpert. Ulizia kituo chako kama wanakipokea.