Mfuko wa nyongo ukiondolewa, mafuta yanameng'enywaje?

KidatoSita_Bio
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kila kitabu kinasema nyongo husaidia kumeng'enya mafuta, na kwamba inakaa kwenye mfuko wake chini ya ini. Lakini watu wanaondolewa mfuko huo kwa sababu ya mawe na wanaendelea kula. Mafuta wanayameng'enya na nini? Halafu kuna wanaoandika nyongo "inavunja" mafuta na wengine "inayatawanya". Ipi sahihi?

MkufunziAnatomia
Kiswahili chenyewe kinatuponza hapa, maana "nyongo" ni kile kimiminika na ni kile kifuko pia. Vitenganishe kwanza. Kimiminika kinatengenezwa na ini, usiku na mchana, kiasi cha mililita 500 hadi 1,000 kwa siku. Mfuko ni ghala tu, tena dogo: mililita 30 hadi 50. Unamudu kwa sababu ukuta wake unafyonza maji na chumvi, nyongo inabaki nzito mara 5 hadi 10 kuliko ilivyotoka kwenye ini. Daktari mpasuaji anaondoa ghala, kiwanda anakiacha.

Sasa fuata njia. Mrija unaotoka kwenye ini unaungana na ule wa mfuko, unakuwa mrija mkuu wa nyongo. Huo unapita nyuma ya kichwa cha kongosho, unakutana na mrija wa kongosho, na kwa kawaida yote miwili inafunguka kwenye tundu moja la duodenamu, ambayo ni kama sentimita 25 za mwanzo za utumbo mwembamba. Tundu hilo lina msuli wa mviringo unaoitwa msuli wa Oddi. Kati ya mlo na mlo msuli umebana, nyongo inarudi nyuma na kuingia mfukoni. Mafuta yakifika duodenamu, seli za ukuta wake zinamwaga homoni ya kolesistokinini kwenye damu: mfuko unajikamua, msuli unalegea, na kongosho linatoa vimeng'enya. Homoni moja, kazi tatu kwa pamoja.

Bila mfuko, kinachopotea ni ule mmiminiko mzito wa mara moja. Nyongo inachuruzika kidogo kidogo, nyepesi. Kwa mlo wa kawaida inatosha. Mlo uliojaa mafuta kwa mkupuo mmoja ndio unaoweza kuleta tumbo kujaa gesi na kuharisha, hasa wiki za mwanzo, ndiyo maana watu hushauriwa kugawa mafuta kwenye milo midogo kadhaa.

Maabara_Kemia
Jibu la swali la pili: inayatawanya. Nyongo haina kimeng'enya cha kuvunja mafuta, na mtihani ukikuuliza usije ukaandika kinyume. Anayevunja ni lipesi ya kongosho.

Fanya hesabu hii uone kwa nini kutawanya ni kazi kubwa. Tone la mafuta lenye kipenyo cha milimita 1 likikatwakatwa kuwa vitone vya mikromita 1, unapata vitone bilioni moja, na eneo la uso wao wote linakuwa mara 1,000 ya lile la kwanza. Lipesi ni kimeng'enya cha kwenye maji. Haizami ndani ya mafuta, inatafuna usoni tu. Uso ukiongezeka, kazi inakwenda kasi.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua chupa mbili za maji mililita 100 na uweke mafuta ya kupikia mililita 5 kila moja. Ya pili iongeze matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo. Funga, tikisa kila moja sekunde 30, ziache. Ya kwanza mafuta yanapanda juu ndani ya dakika chache, ya pili inabaki nyeupe kama maziwa. Chumvi za nyongo, yaani kemikali za ndani ya nyongo na si chumvi ya mezani, zinafanya kama sabuni: upande mmoja unapenda maji, mwingine mafuta.

Kuna jambo vitabu vingi vya shule huliruka. Chumvi hizo zikishafunika kitone zinaisukuma lipesi isikishike. Kongosho linatoa protini ndogo iitwayo kolipesi, hiyo ndiyo inayoitia lipesi nanga pale usoni. Mwishoni, vipande vya mafuta vinabebwa tena na chumvi za nyongo hadi kwenye ukuta wa utumbo. Huko vinaunganishwa upya na, kwa sehemu kubwa, kupelekwa kwenye mirija ya limfu, si moja kwa moja kwenye ini.

KidatoSita_Bio
Shukrani sana wakuu. Ila nimesoma kwamba asilimia 95 hivi ya chumvi za nyongo hufyonzwa tena. Kama ni hivyo, mbona baadhi ya waliopasuliwa wanaharisha kwa muda mrefu?

Mfamasia_Zamu
Kwa sababu ya hiyo asilimia inayobaki. Mwili una gramu 2 hadi 4 tu za chumvi za nyongo, na zinazungushwa mara kadhaa kwa siku: ini, duodenamu, hadi mwisho wa ileamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambako zinafyonzwa na kurudishwa kwenye ini kwa damu. Mfuko usipokuwepo zinaingia utumboni hata kama mtu hajala, mzunguko unaongezeka, na zinazoponyoka kwenda utumbo mpana zinaongezeka pia. Zikifika huko zinaufanya utoe maji na kusukuma haraka. Choo kinakuwa majimaji, mara nyingi asubuhi au mara baada ya kula.

Dawa yake ni kolestiramini, unga unaozinasa hizo chumvi. Huchanganywa na maji, haumezwi mkavu. Kosa ninaloliona sana kwenye maelekezo ni kuuchanganya na dawa nyingine: unazinasa nazo. Dawa nyingine zimezwe saa 1 kabla, au saa 4 hadi 6 baada ya huo unga.

Ila usichanganye hali hii na choo chenye mafuta, kinachong'aa, kinachonuka vibaya na kugoma kushuka na maji. Hapo mafuta hayajameng'enywa, na wa kuchunguzwa ni kongosho, mrija ulioziba, au ileamu. Mtu aliyekatwa chini ya sentimita 100 za mwisho wa ileamu kwa kawaida huharisha kwa chumvi za nyongo. Aliyekatwa zaidi ya hapo ini linashindwa kufidia zinazopotea, mafuta yanapita, na vitamini A, D, E na K zinapita nayo. Kwa huyo wa pili ule unga unazidisha tatizo.

MkufunziAnatomia
Niongeze moja la kutosubiri: macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai kali, choo cheupe kama udongo mfinyanzi. Jiwe linaweza kubaki kwenye mrija mkuu hata mfuko ukiwa umeondolewa. Bilirubini inayokipa choo rangi inakosa njia, inatokea kwenye mkojo. Pakiongezeka homa na kutetemeka, au maumivu makali ya juu ya tumbo yanayokwenda mgongoni, ni hospitali siku hiyohiyo, maana tundu ni lilelile la kongosho na jiwe likikwama pale kongosho nalo linaweza kuvimba.

Maabara_Kemia
Kwa faida ya mleta mada: farasi hana mfuko wa nyongo kabisa. Anakula majani karibu kutwa nzima, ghala la nini?