Kwa nini kinda anayeng'ara huachwa ligi ndogo huku mkongwe akipandishwa?

Mkaa Jukwaani aliuliza:

Ndugu zangu, ninafuatilia timu ya Pittsburgh Pirates katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na taarifa fupi za mabadiliko ya kikosi hunitatiza kuliko mchezo wenyewe. Leo mrushaji fulani anapandishwa kutoka Indianapolis, timu yao ya ngazi ya juu ya ligi ndogo ambako wachezaji hulelewa, kesho kutwa anarudishwa hukohuko, wiki inayofuata mwingine anaondolewa kabisa katika orodha, na baada ya siku chache jina lake linaonekana katika timu nyingine. Wakati huohuo kule chini kuna kijana ambaye kila nikifungua takwimu zake nakuta amepiga vizuri, lakini nafasi inapopatikana anaitwa mtu wa miaka thelathini na zaidi ambaye rekodi yake ni ya kawaida tu.

Je, viongozi wa timu hawazioni takwimu hizo, au kuna kanuni ambazo sisi watazamaji hatuzielewi? Na je, takwimu za ligi ndogo zisomwe vipi ili mtu asije akamtarajia kila kijana anayepiga vizuri mwezi wa Mei kuwa nyota?

Besi ya Tatu alijibu:

Takwimu hizo wanaziona, na wanazo nyingine nyingi ambazo sisi hatuonyeshwi. Kinachotupotosha ni kuzisoma taarifa hizo kana kwamba kila moja ni hukumu juu ya nani bora kuliko nani, ilhali nyingi hujibu swali jembamba zaidi: ni nani anayeweza kuhamishwa leo bila timu kumpoteza.

Anza na orodha mbili. Ya kwanza ni kikosi cha wachezaji 26 wanaoruhusiwa kucheza siku hiyo, ambacho hufikia 28 ifikapo Septemba, na ndani yake warushaji hawazidi 13, au 14 katika mwezi huo wa mwisho. Ya pili ni orodha ya wachezaji 40, nayo ndiyo yenye uzito hasa, kwa sababu hakuna anayeingia katika wale 26 kabla jina lake halijaandikwa katika hao 40. Aliye ndani ya 40 lakini nje ya 26 kwa kawaida ni majeruhi, au yuko ligi ndogo kwa opsheni.

Opsheni ni haki ya timu kumshusha mchezaji bila timu nyingine kupewa nafasi ya kumchukua. Mchezaji anapoingia katika orodha ya 40 kwa mara ya kwanza huwa na miaka mitatu ya opsheni, na mwaka mmoja huhesabiwa kuwa umetumika endapo amekaa ligi ndogo jumla ya siku 20 au zaidi katika msimu huo. Kinachohesabiwa ni mwaka, si safari: ndani ya msimu mmoja anaweza kupanda na kushuka mara kadhaa, ingawa tangu mkataba wa mwaka 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji hashushwi kwa njia hiyo zaidi ya mara tano. Akishushwa, mpigaji hana budi kukaa huko siku 10 na mrushaji siku 15, isipokuwa akiitwa kuziba pengo la aliyeumia. Ndiyo maana mrushaji wa akiba aliyetumika kwa muda mrefu jana usiku anashushwa leo asubuhi hata kama alirusha vizuri. Mkono wake umechoka, ana opsheni, na mechi ya jioni inahitaji mkono mwingine.

Sasa kinda wako. Ikiwa hayumo katika 40, kumpandisha kunadai mtu mwingine aondolewe, na akishaingia hatoki kirahisi. Mkongwe mwenye mkataba wa ligi ndogo naye anahitaji nafasi hiyohiyo, lakini baada ya wiki mbili timu inaweza kumwondoa bila majuto, kwa kuwa hata akichukuliwa na wengine hakuna mpango wa miaka mitano ijayo utakaovurugika. Mkongwe wa namna hiyo hutumiwa kama tairi la akiba, na sioni sababu ya kuupamba utaratibu huo.

Hesabu za Oktoba alijibu:

Maelezo ya Besi ya Tatu ni sahihi, lakini ameiacha fedha, na fedha ndiyo hueleza mambo mengi yanayotokea mwezi wa Aprili.

Mchezaji huwa huru kujiuza kwa timu yoyote baada ya kutimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172, wakati msimu mzima huwa na siku zipatazo 187. Fanya hesabu mwenyewe: kijana akicheleweshwa wiki mbili na ushei mwanzoni mwa msimu, hatimizi mwaka, na timu inabaki naye kwa msimu wa saba. Mfano unaotajwa kila mara ni Kris Bryant wa Chicago Cubs. Mwaka 2015 aliongoza wapigaji wote wa mechi za maandalizi kwa kuvusha mipira tisa nje ya uzio, kisha akaanza msimu ligi ndogo, eti kwa sababu alihitaji kuimarisha ulinzi wake. Alipandishwa tarehe 17 Aprili, akamaliza mwaka akiwa na siku 171 za utumishi, na akachaguliwa mchezaji mpya bora wa mwaka katika ligi yake. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 msuluhishi akaamua kwamba timu haikuvunja mkataba.

Mkataba wa mwaka 2022 ulijaribu kulirekebisha hilo kwa njia mbili. Kwanza, mchezaji mpya anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura za mchezaji mpya bora hupewa mwaka mzima wa utumishi hata kama alichelewa kupanda. Pili, timu inayompandisha mapema kinda aliye katika orodha za juu za makinda inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada katika uteuzi wa wachezaji wapya endapo kijana huyo atatwaa tuzo hiyo, kama Seattle Mariners walivyofaidika na Julio Rodríguez mwaka 2022.

Pirates wenyewe ni mfano mzuri. Walimchagua Paul Skenes wa kwanza kabisa katika uteuzi wa mwaka 2023, wakamwanzisha msimu wa 2024 Indianapolis, na wakampandisha tarehe 11 Mei. Akawa mchezaji mpya bora, akapewa mwaka wake kamili wa utumishi, na kwa kuwa timu haikumpandisha mapema, haikupata ile nafasi ya ziada.

Mrushaji wa Akiba alijibu:

Sikubaliani na kugeuza kila kuchelewa kuwa njama ya fedha. Skenes alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, na kule Indianapolis alikuwa akiongezewa muda wa kurusha hatua kwa hatua. Mrushaji wa umri huo akitumika kwa kasi kamili tangu Machi, ifikapo Agosti ama mkono umechoka ama timu inalazimika kumpumzisha wakati mechi zina uzito zaidi. Mtu anaweza kusema fedha nazo zilihesabiwa, na huenda ni kweli, lakini sababu mbili zinaweza kwenda pamoja bila moja kuwa kisingizio cha nyingine.

Nililotaka kulijibu hasa ni swali la pili, la kusoma takwimu. Ligi ndogo ina ngazi nne za msimu mzima, kila moja ikiwa na timu 30 tangu mpango wa mwaka 2021, na chini yake kuna ligi za vituo vya mazoezi vya Florida na Arizona pamoja na ile ya Jamhuri ya Dominika. Kwa Pirates njia hupita Bradenton, Greensboro, Altoona, na mwisho Indianapolis. Kwanza tazama umri. Mpigaji wa miaka 20 anayefanya wastani pale Altoona, ambako wengi wa wapinzani wake wana miaka 23 au 24, ananivutia kuliko wa miaka 25 anayetamba Greensboro. Kisha tazama uwanja na ligi. Greensboro ni uwanja unaosifika kwa kuwapendelea wapigaji, na katika ligi ya Pacific Coast, yenye viwanja vya nyanda za juu kama Albuquerque na Reno, hewa nyepesi huusukuma mpira mbali, hivyo wastani wa mpigaji wa huko hauna thamani sawa na ule wa Indianapolis.

Wastani wa kupiga, yaani sehemu ya zamu zinazoishia kwa pigo safi, mimi huutazama mwishoni. Kwa mpigaji naanza na mara anazotolewa kwa straiki tatu, yaani bila kuupiga mpira ukaingia mchezoni, na mara anazopewa besi ya bure kwa sababu mrushaji amekosa shabaha, kwa sababu hizo hazitegemei bahati ya mpira kuangukia mahali pasipo na mtu. Kijana anayetolewa kwa straiki katika zaidi ya theluthi moja ya zamu zake akiwa Altoona atakutana na warushaji wakali zaidi kila anapopanda, na ni wachache sana hujirekebisha njiani. Kwa mrushaji naangalia hayohayo kwa upande wa pili. Pia kumbuka kwamba kule chini ushindi si lengo la kwanza. Makocha humwagiza mrushaji atumie mpira mpya anaojifunza hata kama utapigwa, na matokeo yake yanaonekana mabaya kwenye karatasi wakati kazi inakwenda vizuri. Tangu mwaka 2023 vipimo vya kasi ya mpira na nguvu ya pigo kwa mechi zote za ngazi ya Triple-A, ile ya Indianapolis, viko wazi kwa umma, navyo hueleza mengi ambayo matokeo ya mechi hayaelezi.

Mkaa Jukwaani alijibu:

Nashukuru sana. Bado moja linanisumbua. Yule anayeondolewa katika orodha ya 40, nini hasa humpata? Kuna wakati nasoma kwamba ameondolewa, na wiki moja baadaye yuko Indianapolis kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini mwingine anatoweka na kuibukia kwingine.

Besi ya Tatu alijibu:

Anapoondolewa, timu hupata siku saba za kuamua. Inaweza kumbadilisha na mchezaji wa timu nyingine, kumwachilia, au kumweka mbele ya timu zote ili anayemtaka amchukue pamoja na mkataba wake. Wakimtaka wengi, timu yenye rekodi mbaya zaidi ndiyo hupewa kwanza, na ndiyo maana timu dhaifu huokota wachezaji wengi kwa njia hii. Asipotakiwa na yeyote, anaweza kupelekwa ligi ndogo akiwa nje ya orodha ya 40, na huyo ndiye unayemkuta Indianapolis. Hata hivyo, mwenye miaka mitatu ya utumishi, au aliyewahi kupitishwa katika njia hiyo kabla, anaweza kukataa na kuwa mchezaji huru.

Kwa hiyo unaposoma kwamba mchezaji amemaliza opsheni zake, elewa kwamba hiyo ni habari kubwa kuliko inavyoonekana. Mchezaji huyo ama anakaa katika kikosi cha 26, ama anapitia njia hiyo niliyoieleza. Mwezi wa Machi nafasi za mwisho za kikosi mara nyingi huwaendea watu wa aina hiyo, na kijana aliyefanya vizuri zaidi yao katika maandalizi anashushwa kwa sababu tu yeye anaweza kushushwa.

Hesabu za Oktoba alijibu:

Niongeze jambo la Novemba, ambalo wapenzi wengi hulikosa kwa sababu mechi zimekwisha. Majeruhi wa muda mrefu, wale wa siku 60, hawahesabiwi katika 40 wakati wa msimu, lakini fainali zikishamalizika wanarudishwa wote, na nafasi zinabana ghafla. Katikati ya mwezi huohuo timu inapaswa kuwaingiza katika 40 makinda inaotaka kuwalinda. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini yake hulindwa kwa misimu mitano, na mwenye miaka 19 au zaidi kwa misimu minne. Baada ya hapo, asipoingizwa, timu nyingine inaweza kumchagua mwezi wa Desemba kwa dola 100,000, kwa sharti la kumweka katika kikosi chake cha ligi kuu msimu mzima unaofuata. Ikishindwa, lazima imrudishe kwa timu yake ya awali kwa nusu ya fedha hiyo kabla ya kumpeleka ligi ndogo, endapo hakuna timu nyingine iliyomchukua.

Wengi wanaochaguliwa hivyo hawafiki mbali. Lakini shabiki wa Pirates ana sababu ya kuufuatilia uteuzi huo kuliko mwingine yeyote, kwa maana mwaka 1954 timu yake ilimchukua kijana ambaye Brooklyn Dodgers walikuwa wamemwacha katika timu yao ya Montreal bila kumlinda. Kijana huyo alikuwa Roberto Clemente, aliyemaliza kazi yake mwaka 1972 akiwa na mapigo safi 3,000.

Mrushaji wa Akiba alijibu:

Na ukitaka pa kuanzia, chukua orodha ya 40 ya Pirates, kisha andika mbele ya kila jina miaka ya opsheni iliyobaki na utumishi wake. Halafu wapitie wale wa Altoona na Indianapolis ambao misimu yao ya ulinzi inaisha mwaka huu. Yule kinda wako akiwa miongoni mwao, kuna uwezekano mkubwa kwamba atapandishwa kabla ya msimu kwisha, kwa kuwa nafasi katika 40 timu itamlipia vyovyote mwezi wa Novemba.